Ubora wa maji ya ziwa na bwawa: maana yake na namna unavyofuatiliwa

Ubora wa maji ni hali ya maji ikilinganishwa na kazi unayotaka kuyafanyia. Maji yanayoweza kumwagilia shamba yanaweza yasifae kunywa. Kwa hiyo anayeuliza kama maji ya bwawa la Hombolo, Dodoma, ni mazuri aseme kwanza: kwa kunywa, kwa mifugo, au kwa samaki?

Kanda ya Kati ya Tanzania, jambo la kwanza kuangalia ni chumvi. Dodoma na Singida hupata msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, kisha jua miezi mingi. Maji hupanda kama mvuke, chumvi hubaki. Ziwa Singidani halina mto unaotoka, ndiyo maana maji yake ni ya chumvi. Bwawa la Mtera hupokea na kuachia maji ya mto Ruaha Mkuu, kwa hiyo chumvi nayo hupata njia ya kutoka. Kwa kawaida maji huhesabiwa kuwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yakiwa na chini ya miligramu 1,000 za chumvi na madini yaliyoyeyuka katika lita moja. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi.

Kipimo ambacho watu hukisahau, nacho ndicho uhai wa bwawa, ni oksijeni iliyoyeyuka. Mbolea na samadi zikisombwa na mvua huleta virutubisho vya fosforasi na naitrojeni, mwani (vimea vidogo sana vya majini) hustawi, maji hugeuka kijani. Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku jua halipo, nao huvuta oksijeni ileile pamoja na samaki, hadi kiwango kinafika chini kabisa karibu na alfajiri. Mwani ukifa, bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni zaidi. Ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki wengi hufa. Perege utawaona wakihema juu ya maji, ila kambale asikudanganye: ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, hivyo huishi hata pale wengine wanapokufa.

Ndiyo maana kupima mara moja, saa sita mchana, ukingoni, hakutoshi kabisa. Kufuatilia ni kurudi mahali palepale, saa ileile, mwaka mzima: Januari mafuriko yanapoleta tope, na Oktoba maji yanapopungua na chumvi kukolea. Uangavu hupimwa kwa sahani ya Secchi, yenye rangi nyeusi na nyeupe, inayoshushwa kwa kamba hadi isionekane. Ilibuniwa Italia mwaka 1865 na bado inatumika kwa sababu ni rahisi na ya bei nafuu. Uchafu wa kinyesi hauonekani kwa macho, hivyo sampuli hupelekwa maabara kutafuta bakteria aina ya E. koli, kwenye maji ya kunywa hatakiwi hata mmoja katika mililita 100.

Kila namba iandikwe pamoja na tarehe, saa, kina na mahali. Zisipokuwepo hizo, kipimo cha mwaka huu hakiwezi kulinganishwa na cha mwaka ujao.