Si kila mara betri ndiyo imekufa

Vijiweni Mwanza, kuanzia Buhongwa hadi Igoma, pikipiki ya zamani ikigoma stata au honi ikififia, hukumu ni moja: betri imekufa, nunua nyingine. Hukumu hii inawamalizia madereva hela bure, maana betri mpya ikifungwa kwenye mfumo usiochaji, nayo huisha vilevile.

Pima kwanza kwa mita ya volti. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6. Washa injini, pandisha resi kiasi: ifike 13.5 hadi 14.5. Isipopanda, kagua koili za chaji, regulata (kifaa kinachodhibiti chaji) na soketi zilizoungua. Ikipita 15, regulata ndiyo inayoiua betri.

Kisha fuata waya wa ethi, ule wa hasi ya betri, hadi unapofungwa kwenye fremu. Hapa wengi hawafiki kabisa. Pikipiki inayobeba samaki kutoka soko la Mwaloni hulowa kila siku, na chini ya boliti ile hujificha kutu na ungaunga wa kijani. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Kama shida ilikuwa hapo, stata itazunguka kwa nguvu papo hapo.

Betri iliyochajiwa ikajaa, halafu ikashuka chini ya volti 9 ukibonyeza stata isiyo na hitilafu, hiyo kweli ibadilishe.