Kwa nini Porsche 911 hufuka moshi inapowashwa asubuhi?

Gari limelala bandani wiki mbili. Unaliwasha, nyuma linatoka wingu la moshi wa buluu, jirani anafunga dirisha. Kwa gari jingine ungeanza kupiga hesabu ya kubadilisha ringi za pistoni, zile pete zinazozuia oili isiingie mahali petroli inapochomwa. Kwa Porsche 911, hasa zile zilizopozwa kwa hewa, ambazo ziliendelea kuundwa hadi 1998, subiri kwanza dakika moja au mbili.

Magari mengi silinda zake husimama wima au huinama kidogo. Injini ikizimwa, oili huchuruzika kwenda chini, mbali na mahali petroli inapochomwa. 911, tangu ilipooneshwa Frankfurt mwaka 1963, ina silinda sita zilizolazwa, tatu kushoto na tatu kulia, na pistoni zake huenda na kurudi kama ngumi za mabondia. Ndiyo maana injini hii huitwa boksa. Silinda ikiwa imelala, oili iliyobaki ndani haina pa kuteremkia. Hutuama upande wa chini, kisha hupenya polepole kwenye mwanya mdogo wa ringi hadi ndani ya chemba, pale petroli inapochomwa. Ukiwasha, inaungua. Ikiisha, na moshi unaisha.

Hizo za zamani zina jambo la pili. Oili yake hukaa katika tangi la pembeni, si chini ya injini. Pampu moja huipeleka kwenye injini, nyingine huifyonza na kuirudisha tangini. Gari likiegeshwa siku nyingi hakuna cha kufyonza, nayo oili hushuka kidogo kidogo kutoka tangini hadi tumboni mwa injini. Ukiegesha mahali palipoinama ubavu, silinda za upande wa chini ndizo zinazopata shida. Na anayewasha gari baridi alisogeze mita tano kisha azime, asishangae moshi wa kesho yake.

Kuna wenye 911 wanaojiletea moshi kwa mikono yao. Wanachomoa stiki ya oili asubuhi injini ikiwa baridi, wanaikuta kavu, wanaongeza lita nzima. Kumbe oili imehamia chini tu. Gari la tangi la pembeni hupimwa injini ikiwa imepata moto, inaunguruma bila gia, kwenye ardhi tambarare. Oili ikizidi, hupita kwenye mpira wa kupumulia na kuingia njia ya hewa, na hapo moshi utafuka hata barabarani.

Basi hofu ianze lini? Mimi hutazama moshi unatoka wakati gani kabla ya rangi yake. Moshi wa buluu unaotoka kila unapokanyaga mafuta, injini ikiwa ya moto, huashiria ringi au silinda zilizolika. Ukitoka unapokanyaga tena baada ya kuteremka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta, shuku sili za valvu, zinazozuia oili isipite, na gaidi zake, yaani vijibomba vinavyoziongoza valvu. Fungua plagi: moja ikiwa na oili na nyingine kavu, umeshajua silinda ya kuanzia.

Mweupe mwepesi unaopotea hewani ni mvuke. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, na eksozi baridi huyageuza ukungu. Mweupe mzito wenye harufu tamu, usioisha hata injini ikipata moto, ni maji ya rejeta yanayoungua, mara nyingi kwa sababu ya gasketi ya silinda hedi. Huo hauwezi kutoka kwenye 911 ya kupozwa kwa hewa, maana rejeta haina! Mweusi ni petroli iliyozidi.

Na Subaru zetu? Impreza, gari ambalo dereva Colin McRae alishinda nalo Safari Rally mwaka 1997, nayo ni boksa. Lakini oili yake hukaa kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, hivyo haina tangi la kumwagikia silinda usiku. Fundi akikutuliza kwamba boksa zote hufuka, na Subaru yako ya turbo inatoa buluu kila asubuhi, mwombe afungue bomba linalotoka kwenye turbo atazame kama lina oili.