Acheni kutafuta bahasha

Kila nikigusa suala la fedha za kampeni, lazima atokee mtu wa kunielimisha: "Kwani kuna siri gani? Tajiri anatoa bahasha, mbunge anapiga kura." Leo nimechoka, najibu.

Bahasha zipo, na waliofungwa kwa ajili yake wapo. Lakini tazama Marekani. Tangu 1907 kampuni haziruhusiwi kumchangia moja kwa moja mgombea wa ngazi ya taifa. Hata hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Citizens United ya 2010, ambayo kila mtu huitaja bila kuisoma, haikuifuta marufuku hiyo. Iliziruhusu kampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia fedha zao bila kikomo kwenye kampeni mradi wasipange na mgombea. Haya, tuendelee.

Kinachotafutwa hasa na matajiri ni maneno ya kifungu cha sheria, tena mapema, kabla mwananchi hajajua kama kuna muswada. Sheria ya 2003 iliyowaletea wazee wa Marekani bima ya dawa ilimkataza waziri wa afya kuingilia majadiliano ya bei na watengenezaji wa dawa. Serikali ilijifunga mikono yenyewe. Watu hupenda kusimulia usiku wa kura: Baraza la Wawakilishi liliacha upigaji kura wazi kwa muda wa karibu saa tatu nzima, mpaka muswada ukapita kwa 220 dhidi ya 215. Sawa, lakini kifungu kilikuwa kimeshakaa mle. Mbunge aliyeunga mkono muswada kwa kuwahurumia wazee alikipitisha na hicho, bila kupewa hata senti.

Na Billy Tauzin, mwenyekiti wa mojawapo ya kamati zilizoushughulikia? Mwanzoni mwa 2005 alikuwa ameshaondoka bungeni na kuongoza PhRMA, chama cha kampuni za dawa. Bahasha iko wapi hapo? Ni mshahara, tena halali kabisa. Kifungu kilikuja kulegezwa 2022, kwa kuanzia na dawa 10 tu, na bei zake mpya zikasubiri hadi 2026.

Sasa linalonisumbua mimi mwenyewe. Matajiri huwachangia sana wale waliokwisha kuafikiana nao, kwa hiyo nikiona mchango na kura vimeelekea upande mmoja, siwezi kuapa kipi kimezaa kipi. Tena kuna nguvu isiyo na risiti kabisa: kampuni ikidokeza tu kwamba huenda ikahamisha kiwanda, kiongozi anayekabiliwa na uchaguzi ataelewa bila kuelezwa. Hata michango yote ikipigwa marufuku kesho, dokezo hilo halitaguswa. Dawa yake siijui, na wanaodai kuijua huwa wana kitu cha kuuza.

Kwa hiyo ukinitumia tena orodha ya wachangiaji, ambatisha rasimu ya kwanza ya muswada na ratiba ya mikutano ya mwenyekiti wa kamati. Nitaanza na rasimu.