Lebo ya chakula: usianze na kalori

Wengi wakigeuza pakiti, jicho hukimbilia kalori. Tangulia kutazama kichwa cha safu: takwimu zile ni za gramu 100, au za kipimo cha mlo mmoja? Kipimo hicho mara nyingi ni kidogo kuliko watu wanavyokula. Pakiti ya biskuti ya gramu 150 inaweza kuandikwa kilokalori 140 kwa kipimo cha gramu 30. Anayeimaliza amekula vipimo 5, yaani kilokalori 700. Ukilinganisha bidhaa mbili, tumia safu ya gramu 100, au mililita 100 kwa vinywaji. Huenda mtengenezaji mmoja amepima kwa gramu 25 na mwenzake kwa 40.

Chumvi ndiyo inayowapotosha wengi. Lebo nyingine hutaja chumvi, nyingine sodiamu (madini yaliyo sehemu tu ya chumvi), na hivyo si kitu kimoja. Zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi: miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ukijumlisha vyakula vyote. Kwenye tambi za papo kwa papo, angalia kama hesabu imejumuisha kile kipakiti cha viungo, maana chumvi nyingi imo humo.

Sukari nayo isomwe pamoja na orodha ya viambato. Orodha hupangwa kwa uzito, kizito kwanza. Sukari ikitiwa kwenye biskuti kwa majina matatu (glukosi, asali, sharubati ya mahindi), kila jina hushuka chini na unga unabaki kuongoza, ingawa zikijumlishwa huenda zikaupita. Kinywaji chenye gramu 10 za sukari kwa mililita 100 kina gramu 50 katika chupa ya nusu lita, kama vijiko vya chai 12 na nusu. Kwa anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, hicho ndicho kikomo cha sukari ya kuongezwa, kwa chupa moja tu.

Maandishi makubwa ya mbele ni ya kuuzia. “Haina kolesteroli” kwenye mafuta ya alizeti ni kweli, ila mafuta ya mimea kwa kawaida hayana ya kutajika. “Haijaongezwa sukari” kwenye juisi haiondoi sukari ya tunda lenyewe. Na penye “mafuta ya transi 0” (mafuta yenye madhara kwa moyo, yanayotokea hasa mafuta ya mimea yakigandishwa kwa hidrojeni), pekua viambato: nchini Marekani kiasi kilicho chini ya gramu 0.5 kwa kipimo huandikwa sifuri.