Sauti ya IELTS Haijaharakishwa, Tafadhali Someni Hapa Kabla ya Kulalamika

Kituo chetu cha matayarisho hapa Malindi kimepokea malalamiko mengi siku hizi, ya simu, ya WhatsApp, mpaka mzazi mmoja kaja na karatasi ya matokeo mlangoni, na karibu yote ni ya ile sehemu ya kusikiliza ya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, eti sauti imeharakishwa makusudi ili watu wetu wafeli. Haijaharakishwa. Ndio spidi ya Muingereza akiongea na mwenzake. Manesi wanaotafuta usajili wa NMC (baraza la manesi na wakunga) kule Uingereza wanatakiwa wapate alama 7 kati ya 9 kwa kusikiliza, na hapo ndipo kelele nyingi zinapotoka, tunaelewa.

Shida ni kwamba neno tunalijua kwa macho tu. Kiswahili kila irabu inatamkwa yote, Kiingereza kinameza, kwahivo ile "comfortable" uliyosoma shule na kuitamka yote, kwa rekodi inapita "kamftabo" na wewe bado unaisubiri ile yako. "Thirteen" na "thirty" zinatofautishwa zaidi na mkazo ulipo. Halafu kuna herufi, hii inawaua watu wengi bure kabisa! Sehemu ya kwanza mara nyingi mtu anataja jina lake herufi kwa herufi, akisema "i" mkono wa Mswahili unaandika I wakati ni E, akisema "ei" unaandika E wakati ni A. Fanyeni zoezi hilo tu wiki nzima, mwenzako akutajie majina na namba za simu, pamoja na "double four" na "oh" ya sifuri.

Na wale wa bichi wanaosema mimi naongea na wageni kila siku sihitaji mazoezi, sawa, lakini wageni wako wengi ni Waitaliano na mgeni akiona hujaelewa anarudia na mikono juu. Rekodi hairudii. Tena ina lafudhi za Uingereza, Australia, Amerika Kaskazini, na msemaji anaweza kutaja Jumanne halafu ajirekebishe ni Alhamisi, ukishaandika la kwanza umekwisha.

Nyumbani chukua dakika moja ya sauti yenye maandishi yake, BBC Learning English ni bure, skiza bila kusoma, andika ulichoskia, rudia, ndio ufungue maandishi uone ulipomeza. Filamu yenye maandishi chini unasoma, huskizi, tusidanganyane.

Sasa utaratibu, naomba msome pole pole. Maswali ni 40, sehemu 4, kama dakika 30, sauti inachezwa mara moja. Wa karatasi, mahali ambapo mtihani huo bado upo, wanapewa dakika 10 kuhamisha majibu, wa kompyuta dakika 2 tu za kukagua. Wakisema maneno yasizidi mawili ukaandika matatu, umekosa hata kama jibu lipo ndani. Spelling ikikosea umekosa. Jibu baya halipunguzi maksi, sasa kwanini mtu aache pengo? Kitambulisho ni kile kile ulichojisajili nacho, simu haiingii chumbani hata ikiwa imezimwa, ukipatikana nayo unaweza kutolewa. Ndugu zetu wa Lamu mnaokwenda kufanya Mombasa, boti ya kwenda Mokowe na basi mpange siku ya kabla, ukichelewa unaweza kufungiwa mlango. Wale wanaouza "majibu" kwa WhatsApp ni matapeli, na ukikamatwa kwa udanganyifu matokeo yanafutwa.

Kama kweli unaona umeonewa, omba usahihishaji upya ndani ya wiki 6 tangu siku ya mtihani, unalipia, maksi zikipanda unarudishiwa pesa yako. Maombi yanapelekwa kule ulikofanyia mtihani. Sisi kituo cha matayarisho hatuna hizo karatasi, hata ukija na mzee wa mtaa.