Cates si mkate

Cates hutamkwa "keits", karibu kila mara huwa katika wingi, na ni neno la Kiingereza cha zamani lenye maana ya mapochopocho, vile vyakula vitamu vya kumkirimia mgeni. Maana ndiyo hiyo. Kinachonikera ni hadithi kwamba Waingereza walilichota kwetu, eti kutoka "mkate". Wiki iliyopita nimeisikia tena kwenye kikao cha harusi, na msemaji alijiamini kama aliyekuwapo.

Yamefanana sura tu. Zamani neno hili lilikuwa na a mbele, "acates", likaidondosha njiani. Limetoka katika Kifaransa cha kale cha kaskazini, "acat", yaani ununuzi. Wenzetu wa Bukavu na Bujumbura waliosoma kwa Kifaransa watalitambua mara moja, maana "acheter" ya kununua ni ndugu yake. Kwa hiyo cates mwanzoni vilikuwa vitu vya kununuliwa, mbali na vile vilivyotoka shambani au jikoni mwa nyumba yenyewe. Uingereza, nyumba kubwa ilikuwa na mtu wake wa kazi hiyo, "achatour", mnunuzi wa chakula. Chaucer, mshairi wa Kiingereza, anawataja watu hao katika mashairi yake, na alifariki mwaka 1400. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa mwaka 1498. Huo mkate ulipanda jahazi lipi?

Achatour naye alipoteza a yake, akawa "cater", kisha "caterer". Yaani yule msemaji wa kikao alikuwa anabishania bei ya catering, sahani kwa sahani, huku jibu analo mdomoni.

Chakula cha kununua kilikuwa na hadhi kuliko cha nyumbani, ndipo maana ikasogea taratibu kutoka sokoni hadi kwenye utamu. Mwishoni mwa karne ya 16 utamu ulikuwa umeshika kabisa: katika tamthilia yake "The Taming of the Shrew", Shakespeare anamfanya Petruchio alichezee jina la Kate, mwanamke anayemposa, kwa kuwa "Kates", wingi wa Kate, na cates husikika sawa.

Basi, kaka yangu wa kikao, ukitaka kulitafsiri, mapochopocho yanatosha. Mkate wa kumimina aliotuletea mama mkwe nimeumaliza mimi, sikatai. Ila aliupika mwenyewe, na kwa asili ya neno hilo, hapo ndipo usingeitwa cates.