Panya kakuuma usiku na hukusikia? Hajapuliza, wahi kituo cha afya

Hapa Kigoma watu wa kung'atwa na panya wanakuja sana, na wengi wanakuja wamechelewa na maneno yale yale, "panya anauma huku anapuliza ndo maana sikusikia".

Kwani panya mdomoni ana nini?
Meno 16. Manne ya mbele, ya njano yanayokaribia rangi ya chungwa, magego 12 nyuma, katikati pengo, hana chonge. Ya mbele hayaachi kukua ndo maana anatafuna hadi ndoo.

Mbona vidonda havifanani?
Midomo ya panya nayo haifanani, kuna mwenye jino lililovunjika, lililopinda, lililorefuka kupita kiasi, kwa hiyo mmoja anaacha matundu mawili mwingine mkwaruzo tu. Usipime hatari kwa ukubwa wa kidonda, hata panya anayeonekana mzima kabisa ana vijidudu mdomoni.

Kwa hiyo hapulizi?
Hapulizi! Hana dawa ya ganzi mdomoni. Mtoto ni usingizi mzito tu, ila mtu mzima anayeamka asubuhi anakuta damu kwenye shuka na kidole gumba kimetafunwa nyama iko nje na hakusikia chochote, huyo mara nyingi ana kisukari na miguu imeshakufa ganzi. Ganzi ni ya mguu wako, siyo ya panya, na ukisema kapuliza unabaki nyumbani mpaka kidole kinakuwa cheusi.

Nipake mafuta ya taa au majivu?
Hapana jamani, usipake! Osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda kituoni siku hiyo hiyo upimwe sukari na uangaliwe kama unahitaji sindano ya pepopunda.

Kidonda kimepona ila nimepata homa?
Homa ya panya mara nyingi inaanza siku 3 hadi 10 baadaye, hata wiki 3, kidonda kimeshafunga na umeshasahau. Homa kali, kutapika, viungo kuuma, vipele viganjani na nyayoni. Watu wanakimbilia dawa ya malaria dukani. Pima malaria sawa, lakini SEMA uling'atwa na panya, usione aibu, penisilini inatibu na ukichelewa unaweza kufa.

Nyumbani tufanyeje?
Magunia ya dagaa yasilale chumba kimoja na mtoto, na mtoto asilale vidole vinanuka mawese, mnawishe kwa sabuni. Chandarua chomekea chini ya godoro. Mwenye kisukari akague nyayo kila jioni, asiyeweza kuinama amwite mjukuu ammulikie na tochi ya simu.